Mazishi Jumamosi, Harusi Jumapili

Mzee Pandelis alikufa Ijumaa asubuhi, siku mbili kabla ya harusi ambayo mwanawe Anestis alikuwa msimamizi wake. Pelagia, mkwewe, ndiye aliyemkuta. Aliingia na bakuli la maziwa yaliyolowekwa mkate, akafungua dirisha, akasema kama kila siku, "Amka baba, jua limeshatoka," kisha akauona mdomo ulivyoachama. Akaliweka bakuli juu ya kabati, akalifunga tena dirisha ingawa mwenyewe hakujua kwa nini, akampigia simu mumewe.

Anestis alikuwa shambani, amepiga magoti chini ya mti wa mastiha, anafagia majani na kusawazisha udongo. Mwezi wa Julai ulikuwa karibu, miti ingechanjwa, na utomvu ukidondokea takataka haununuliki.

"Baba amekufa," Pelagia alisema.

"Nakuja."

Akamaliza kufagia chini ya mti aliokuwa ameuanza. Akautia ufagio ndani ya gari, akafunga mlango wa nyuma kwa kamba maana komeo lilikuwa bovu, akarudi kijijini kwa mwendo wake wa kawaida. Siku zilizofuata alijiuliza mara nyingi ilikuwaje akaumaliza ule mti.

Suti ya harusi ilikuwa imetundikwa kwenye mlango wa chumba cha mzee, kwa sababu msumari wa chumbani kwao ulikuwa umeng'oka tangu majira ya baridi. Kwa hiyo siku ile nzima kila aliyetaka kuingia kumwona marehemu alilazimika kwanza kuisukuma suti pembeni. Hakuna aliyefikiria kuiondoa. Juu ya kabati, karibu na lile bakuli la maziwa, lilikuwepo sanduku jeupe lenye mataji mawili ya harusi yaliyofungwa pamoja kwa utepe, ambayo msimamizi huyabadilisha vichwani mwa maharusi kanisani.

Anestis alimpigia simu Padre Isidoros.

"Mungu amsamehe," padre alisema. "Tumzike kesho saa sita mchana. Maana Jumapili nina..."

"Jumapili una sisi, Padre."

"Ndiyo. Jumapili nina ninyi."

Saa ile ile, nyumbani kwa bibi harusi Kalliopi, wasichana walikuwa wakitandika kitanda cha maharusi. Pelagia ndiye aliyetakiwa apeleke trei ya lozi za sukari na maua ya waridi ya kumwagia juu ya mashuka. Alipiga simu kueleza kilichotokea. Aliyepokea ni Bi Argiro, mama yake Stratis, bwana harusi.

"Ole wetu," alisema Bi Argiro. "Basi usije, binti yangu. Nitamtuma mtu."

Aliyetumwa alikuwa msichana wa miaka kama kumi na saba, mpwa wake. Alisimama nje ya geti, viatu vyake vyeupe vimebanana.

"Dada Pelagia, nimeambiwa nisiingie. Samahani. Uiweke tu hapo ukutani."

Pelagia akaiweka trei juu ya ukuta, akarudi hatua mbili nyuma, kama mtu anayemwekea paka chakula. Msichana akaichukua.

"Mungu amsamehe mzee," alisema. Na kwa kuwa mdomo wake ulishazoea maneno mengine tangu alfajiri, akaongeza, "Na harusi ziwe nyingi!" Akashtuka, akawa mwekundu hadi masikioni, akateremka mtaa akikimbia, lozi zinagongana kwenye trei.

*

Walimwosha mzee kwa maji na divai, Anestis upande mmoja, Pelagia upande mwingine, bila kuambiana la kufanya. Mikono yao ilikuwa na miaka miwili ya mazoezi. Tangu kiharusi kimpige mzee, hakuna kiungo cha mwili ule ambacho hawakukijua.

"Ndevu?" Pelagia aliuliza.

"Nitamnyoa."

Akatengeneza povu katika kikombe kile kile. Akampaka. Wakati wa uhai, mzee alikuwa hawezi kukaza shavu la kushoto, kwa hiyo Anestis alizoea kulivuta kwa kidole gumba kuelekea sikioni, na kumwambia, "Finya mdomo, baba," na mzee angefinya nusu ya mdomo. Sasa mashavu yote mawili yalikuwa sawa. Anestis alipitisha wembe, akaukung'uta ndani ya beseni, akapitisha tena. Alikuwa akifikiria kwamba upande wa mashariki wa shamba umebaki miti arobaini haijafagiwa.

"Hulii," Pelagia alisema. Hakuwa anamlaumu. Alisema kama anayesema mvua haijanyesha.

"Na wewe hulii."

"Mimi nimechoka."

Anestis akamfuta mzee povu lililobaki chini ya kidevu. Alitazamia kitu kije, kwikwi au hasira. Hakikuja kitu. Akayamwaga yale maji nyuma ya nyumba, kwenye mizizi ya mtini, akausuuza wembe, akaurudisha mahali pake.

*

Dada yake Marigo alifika alasiri kwa ndege kutoka Athens, akiwa tayari amevaa nyeusi tangu shingoni hadi kwenye viatu. Alilia kwa sauti, akalibusu paji la uso la baba, akavifunika kwa shuka televisheni na kioo cha sebuleni, akaiona suti mlangoni.

"Hii ni nini?"

"Ya Jumapili," Anestis alisema.

"Jumapili ipi? Jumapili hii? Anestis, nikikuuliza kitu unijibu kama mtu mwenye akili. Udongo wa baba utakuwa haujakauka, wewe uende kucheza ngoma?"

"Sitacheza. Nitabadilisha mataji tu."

"Mataji tu!" Marigo alimgeukia Pelagia. "Wifi, unamsikia mumeo?"

Pelagia alikuwa anapanga vikombe vya kahawa vya wafiwa kwenye sinia. "Namsikia," alisema.

Bi Argiro alikuja jioni, jua likiwa bado juu. Aliingia kwa mguu wa kulia, akafanya ishara ya msalaba mbele ya mzee bila kumkaribia, kisha akaketi ukingoni mwa kiti. Yeye mwenyewe alivaa nyeusi; alikuwa hajavua nyeusi kwa miaka ishirini na mbili, tangu meli aliyokuwa akifanyia kazi mumewe ilipozama na mabaharia wake wote. Kwa ajili ya harusi ya mwanawe wa pekee alikubali kushonewa gauni la rangi ya kijivu, na kijiji kizima kililizungumzia gauni hilo kwa wiki nzima.

"Maisha marefu kwenu mliobaki," alisema.

"Ahsante, mama."

Akanywa kahawa kidogo, chungu, kama inavyonywewa msibani. Akaiweka.

"Anestis, mwanangu, mimi sijui kuzunguka. Nimekuja kuchukua mataji."

Wanawake wawili waliokuwa wameketi karibu na mlango wakainama kutazama mikono yao.

"Binamu mmoja wa Stratis atasimama mahali pako," aliendelea Bi Argiro. "Si kwamba tunakudharau. Kila mtu atajua sababu."

"Hilo ndilo neno," Marigo alidakia. "Mpe mataji, yaishe."

"Stratis amesema hivyo?" Anestis aliuliza.

"Stratis hajui kama nimekuja."

"Basi aje aniambie mwenyewe."

"Hatakuambia! Utamjua Stratis leo? Huyo angejikata mkono kabla hajakwambia." Bi Argiro akaishusha sauti kwa heshima ya maiti. "Nisikilize. Aliyenibadilishia mimi mataji alikuwa na kitambaa cheusi mkononi. Alikuwa amemzika mama yake wiki ile ile. Watu walimwambia baba yangu, baba yangu akacheka, akasema haya ni mambo ya vikongwe. Unajua nilikaa na mume wangu miaka mingapi? Saba. Na katika hiyo saba, alikuwa baharini mitano. Jumatano mwanangu anaondoka kwenda kuipanda meli Singapore, miezi minane chini kwenye injini. Nakuomba. Kama unataka nipige magoti, nitapiga hapa hapa mbele ya baba yako."

Anestis alimtazama yule mama, na mahali ambapo alidhani ataona huruma au ghadhabu aliona tu kwamba kishikizo cha koti lake kimelegea uzi.

"Nilimwambia Stratis nitakuwa msimamizi wake," alisema polepole. "Akiniondoa yeye, nitaondoka. Mataji yako pale juu ya kabati. Sitayapeleka kwako wala sitayaficha."

Bi Argiro akainua macho kulitazama lile sanduku jeupe. Hakuna aliyesimama kumteremshia, na yeye alikuwa mfupi. Ili kulifikia, ingempasa apande kiti kando ya maiti. Alikaa kidogo. Kisha akaondoka, na alipokuwa akitoka bega lake liligusa suti.

*

Jumamosi saa sita mchana jua lilikuwa kali. Ibada ilipokwisha, wanaume sita waliliinua jeneza mabegani, Anestis akiwa mbele upande wa kulia. Njia ya makaburini hupita mbele ya nyumba ya Bi Argiro. Geti lilikuwa limeshapambwa kwa matawi ya mihadasi na utepe mweupe, na kwa sababu ya msafara mtu alikuwa amejaribu kuyafunika matawi yale kwa shuka, lakini shuka lilikuwa dogo, likaacha upande mmoja wazi.

Kijijini kwetu bwana harusi hakutani na maiti. Hata wasio na imani kubwa hulifuata hilo, maana halimgharimu mtu kitu. Kwa hiyo Stratis hakuonekana kanisani, na hakuna aliyemsema. Anestis mwenyewe alikuwa hamtazamii.

Msafara ulipofika mbele ya geti, mlango wa nyumba ulifunguka. Stratis alitoka akiwa amevaa fulana na suruali ya kazi, nywele zimelowa maji. Nyuma yake mama yake alipiga kelele moja tu, "Stratis!" kama mtu aliyeungua. Stratis hakugeuka. Akaenda hadi mbele upande wa kushoto, akamgusa jirani aliyekuwa amebeba pale, jirani akampisha bega, na jeneza likayumba kidogo, likatulia.

Walitembea. Kati yao kulikuwa na kichwa cha mzee, ndani ya mbao.

"Miaka miwili iliyopita nilimbeba peke yangu," Stratis alisema bila kugeuza shingo, "siku ile ngazi zenu zilipokuwa na utelezi. Alikuwa mzito zaidi."

"Alikonda."

"Mama alikuja kwako jana."

"Alikuja."

"Ameniwekea hirizi tatu chini ya mto wangu. Moja ina kitunguu saumu, nimenuka usiku kucha."

Anestis alihisi kama angepaswa kucheka, akaachia pumzi puani. Mbele yao Padre Isidoros aliimba kwa sauti iliyokauka. Walimshusha mzee, padre akamwagia mafuta na divai, kila mtu akatupa udongo kiganja kimoja. Marigo alishikwa na wanawake wawili. Pelagia alitupa udongo wake, akajifuta mkono kwenye sketi, akaanza kuhesabu kwa macho watu wangapi watakuja kula supu ya samaki.

Getini pa makaburi Stratis alimshika Anestis mkono.

"Kesho saa tisa mchana uje uninyoe," alisema. "Na usimtume mtu."

*

Jumapili ilikuwa siku ya tatu. Asubuhi walikwenda kaburini na padre, wakawasha taa ya mafuta, wakarudi. Mchana Anestis akavaa suti. Chini yake shati jeusi, mkononi kitambaa cheusi, na ndevu za siku tatu, maana mfiwa hanyoi mpaka arobaini ipite. Akateremsha sanduku la mataji.

Marigo alikuwa amesimama uani.

"Pita mlango wa nyuma," alimwambia. "Watu wanakuja kutoa pole. Sitaki wakuone unatoka na hilo sanduku."

"Marigo..."

"Sikukatazi tena. Wewe mtu mzima. Ila baba alikuwa na mtoto wa kiume mmoja, na leo ni siku ya tatu, na mimi nitakuwa ndiye ninayewapa watu mkono peke yangu mlangoni kama vile ukoo umekwisha."

"Pelagia yupo."

"Pelagia si damu yake."

Pelagia alikuwa kwenye sinki, mgongo umewaelekea. Alisikia. Akaendelea kuosha sufuria moja ile ile. Anestis akalitia sanduku kwapani, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nyumbani kwa Stratis fidla na udi vilikuwa vimeshaanza kupigwa. Vijana walikuwa wamejaa chumbani, wameshika glasi, wanatania: wamemwandikia bibi harusi majina ya wasichana wasioolewa chini ya soli za viatu ili nao waolewe, na mmoja aliapa jina la shangazi yake linaandikwa hivyo tangu harusi ya mwaka arobaini na saba. Anestis alipoingia, kicheko kilipungua kama redio iliyopunguzwa.

"Pole, Anestis," alisema mmoja.

"Hongera, msimamizi," alisema mwingine wakati ule ule. Wote wawili wakaonekana kama waliokosea.

Stratis aliketi katikati, taulo shingoni. Mtu mwenye ndevu za siku tatu akaanza kumnyoa mwenzake. Mpiga fidla alipunguza sauti, akapiga ule wimbo wa kumnyoa bwana harusi, ambao una maneno ya kuusifu wembe. Shavu la kulia likaenda vizuri. Anestis akahamia la kushoto. Kidole gumba chake kikalishika lile shavu changa, lililokaza, kikalivuta kuelekea sikioni ingawa hakukuwa na haja.

"Finya mdomo, baba," alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida. Chumba kizima kilisikia. Mpiga fidla alinyanyua upinde wake. Mlangoni Bi Argiro, ndani ya gauni lake la kijivu, aliweka mkono kifuani.

Stratis akafinya mdomo. Akaufinya na kuushikilia hivyo, macho yamemtazama Anestis, hadi wembe ulipopita chini ya pua na kumaliza. Hakuna tone la damu lililotoka.

"Umemaliza?" Stratis aliuliza.

"Nimemaliza."

"Basi nipe konyaki. Tunaoa."

*

Kanisani padre alikuwa yule yule, mishumaa ilikuwa mipya. Anestis alisimama nyuma ya maharusi, akavuka mikono yake juu ya vichwa vyao, akabadilisha mataji mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Kalliopi alikuwa anatetemeka, utepe ukatetemeka naye. Mikono ya Anestis ilikuwa imetulia kama ya mtu anayening'iniza nguo. Padre aliposoma kwamba mke amche mumewe, Kalliopi akamkanyaga Stratis mguu kwa kisigino, watu wakacheka, mchele ukaanza kurushwa. Walipoizunguka meza mara tatu, Anestis akiwa nyuma ameshika utepe, mchele ulimpiga usoni, ukaingia ndani ya kola ya shati jeusi.

Msimamizi akimaliza hupigiwa kelele, "Unastahili!" Siku ile walisema, lakini kwa sauti ya chini, kama watu wanaoitikia sala.

Nje mpiga picha alimshika kiwiko. "Kaka, hicho kitambaa unaweza kukivua? Ni kwa picha mbili tu. Kinavuta jicho."

"Siwezi."

"Basi simama nyuma ya kaka yake bibi harusi. Inama kidogo. Hapo. Vizuri."

Karamu ilikuwa uwanjani mwa shule. Kwenye meza kuu, mahali pa msimamizi palikuwa na binamu. Msichana wa viatu vyeupe alimwongoza Anestis hadi meza ya mwisho, kando ya mlango wa jikoni, ambapo dereva wa wanamuziki alikuwa anakula na kulikuwa na mikoba ya vyombo vya muziki.

"Shangazi amesema hapa pana kivuli," msichana alisema, hamtazami usoni.

Anestis akaketi. Hakuumia. Alijiambia kwamba angepaswa kuumia, akajitafuta, hakupata pa kushika. Dereva alimsukumia mkate. Mbali kule Kalliopi alianza kuongoza mduara, leso mkononi, na gauni lake likawa linafagia vumbi la uwanja.

Baadaye kidogo mtu aliweka sahani mbele yake. Ilikuwa samaki wa kukaanga, si ile nyama ya mwanambuzi waliyokuwa wanakula wengine. Bi Argiro akavuta kiti, akaketi.

"Nimemwambia mpishi akukaangie. Najua wafiwa hamli nyama."

"Ahsante, mama."

"Mimi ndiye niliyekuweka hapa."

"Najua."

"Nilikuwa naitazama mikono yako kanisani. Nilikuwa nasema, ikitetemeka tu, nitaanguka." Alikunja na kukunjua kitambaa cha meza. "Haikutetemeka."

"Sisikii kitu, Mama Argiro. Tangu Ijumaa. Niliambiwa baba amekufa, nikafagia."

Alidhani atashangaa. Bi Argiro aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizwa njia anayoijua.

"Waliponiletea habari za mume wangu nilikuwa napiga pasi. Nikamwambia yule mtu wa kampuni ya meli, keti, nimalize. Nikapiga mashati kumi na moja. Ya nani? Yake. Nikayakunja, nikayapanga. Watu wakasema Argiro ana moyo wa jiwe. Kulia nililia Novemba, dukani, mwenye duka aliponiuliza vitunguu nataka kilo ngapi." Akanyanyuka. Akasimama kidogo, mkono mmoja juu ya meza. "Bado naogopa. Sitakudanganya. Mpaka arudi nitakuwa naogopa, na kila nikiogopa nitakukumbuka wewe. Lakini alitoka nje kulibeba jeneza kwa miguu yake mwenyewe, kwa hiyo nikimlaumu mmoja itabidi niwalaumu wawili. Kula, samaki anapoa."

Alirudi kwenye meza kuu. Hakumhamisha. Anestis akammaliza samaki, akaiacha miiba, akaenda kuwaaga maharusi. Stratis alimkumbatia kwa nguvu hadi mchele ukamtoka kwenye kola.

"Sasa sisi ni ndugu," Stratis alimwambia sikioni. "Nikirudi, mtoto wa kwanza utambatiza wewe."

"Urudi," Anestis alisema.

*

Aliingia nyumbani wakati wa machweo, mbingu bado nyeupe. Wageni walikuwa wameondoka. Marigo na Pelagia walikuwa wameketi uani, kila mmoja upande wake wa meza, katikati yao bakuli la zeituni.

"Umekula?" Pelagia aliuliza.

"Nimekula samaki."

Marigo aligeuza kikombe chake cha kahawa, akakigeuza tena. "Amevaaje?" aliuliza hatimaye, anakitazama kikombe.

"Nani?"

"Bibi harusi, nani mwingine?"

"Nyeupe. Mikono mirefu. Imeshonwa lulu hapa." Akajigusa kifuani.

"Kwa joto hili mikono mirefu," Marigo alisema. Kutoka uwanjani fidla ilisikika, ikapotea, ikasikika tena.

Saa ya kanisa ikagonga saa tatu usiku. Anestis akainuka kitini. Pelagia naye akainuka papo hapo, akajifuta mikono kwenye aproni. Hawakutazamana. Wakaingia ndani mmoja nyuma ya mwenzake.

"Mnakwenda wapi nyote wawili?" Marigo aliuliza.

"Kumgeuza baba," Anestis alijibu, kama alivyokuwa akimjibu yeyote kila jioni.

Walishafika chumbani. Pelagia alikuwa amesimama upande wa ukutani, Anestis upande wa dirisha. Mashuka yalikuwa yameondolewa, godoro li tupu, limeachwa lipigwe na hewa, katikati lina bonde la urefu wa mtu. Wakasimama pale. Mikono ya Anestis ilikuwa imeshanyooka mbele.

Marigo alikuja akasimama mlangoni. Alitazama godoro, akawatazama wao, mmoja huku na mmoja kule.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila baada ya saa tatu," Pelagia alisema. "Vinginevyo ngozi inafanya vidonda."

"Na usiku?"

"Na usiku."

Marigo aliwapigia simu kila Jumapili kwa miaka miwili. Kila Jumapili aliuliza baba hajambo, akaambiwa hajambo. Sasa alivua viatu vyake vyeusi mlangoni, bila sababu, kama mtu anayeingia mahali anapoweza kumwamsha aliyelala. Akaja akasimama kando ya Pelagia.

"Nionyesheni," alisema. "Wifi, nionyeshe mlivyokuwa mnafanya."

Pelagia akauchukua mkono wa Marigo, akauweka juu ya godoro, kwenye ukingo wa lile bonde. "Hapa ndipo bega. Unapitisha kiganja chini, hivi, usimvute kwa kwapa, linamuuma. Anestis anashika nyonga. Halafu tunahesabu pamoja."

"Nani anahesabu?"

"Baba alikuwa anahesabu," Anestis alisema. "Alikuwa anapenda kuhesabu mwenyewe. Moja na mbili zilikuwa zinatoka. Tatu haikuwa inatoka, tulikuwa tunamsubiri tu mpaka afumbe macho, ndiyo tatu yake."

Wakainama wote watatu juu ya godoro tupu, viganja vimeingia chini, wakasubiri.